Msukaji wa Muziki Si Mpangaji

Usukaji wa muziki ni kazi ya kuuchukua wimbo uliokwisha kutungwa na kuamua kila ala ipige nini, iingie lini, inyamaze wapi, na sauti ipi ikae juu ya ipi. Anayeifanya ni msukaji, na matokeo ya kazi yake ni msuko. Mtunzi hutoa maneno na lahani. Msukaji ndiye anayeamua lahani hiyo ibebwe na matarumbeta au na gitaa, ijibiwe na nani, na besi itembee vipi chini yake. Wimbo wenye mtunzi mmoja unaweza kusukwa na watu kumi, kila mmoja kwa namna yake, na aliyeusikia kwa wa kwanza asiutambue upesi kwa wa kumi.

Maandishi mengi ya Kiswahili huiita kazi hiyo "upangaji wa muziki" au "mpangilio wa muziki", na mwenye kazi "mpangaji". Istilahi hizo zina dalili zote za kuzaliwa mezani. Mtu alifungua kamusi ya Kiingereza, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaendelea na neno lililofuata. Hazifai, na ubaya wake si wa sikio tu.

Kasoro ya kwanza inaonekana na yeyote aliyewahi kuishi Kariakoo. Huko mpangaji ni mtu anayelipa kodi. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu vitatu kila upande ilijengwa kwa ajili ya wapangaji. Magomvi ya mpangaji na mwenye nyumba yamejaza nyimbo, michezo ya redio na mabaraza ya kata. Neno lililokaa hivyo katika maisha ya watu haliwezi kupewa maana ya pili kwa kuandikwa tu katika orodha. Msomaji anayekutana na "mpangaji wa bendi" atafikiria chumba ambacho bendi imepangisha, na atakuwa na haki ya kufikiria hivyo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, kwani imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kupanga ni kuweka vitu kwa safu au kwa zamu. Viti hupangwa, nyanya hupangwa mafungu mafungu juu ya meza ya sokoni, ratiba hupangwa. Kilichopangwa hakimshiki jirani yake. Ukiondoa fungu moja la nyanya, mafungu mengine yanabaki yalivyo. Ndiyo maana "mpangilio wa nyimbo" kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam ni orodha ya nyimbo zitakazopigwa usiku huo na zipi zitangulie. Maana hiyo ni halali na inahitajika, lakini haihusiani na kinachotokea ndani ya wimbo mmoja. Humo sauti hazikai kwa zamu. Hupita chini na juu ya wenzake, na ukiitoa moja nyingine zote hulegea.

Kitenzi kinachosema hivyo ni suka. Asili yake ni ya Kibantu, na katika Kiswahili kina maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kutikisa: kusuka maziwa mpaka siagi itoke, na kutoka hapo kusukasuka. Ya pili, ambayo ndiyo inayohusika hapa, ni kupitisha nyuzi au chane juu na chini ya wenzake mpaka zishikane. Usukani wa chombo haumo katika ukoo huu hata kidogo. Neno hilo lilitoka Kiarabu, na wanaoliingiza katika mjadala ili kudai kwamba msukaji ni "anayeshika usukani wa muziki" wanaisaidia hoja njema kwa ushahidi mbovu.

Maana ya pili imehifadhiwa vizuri zaidi katika kazi ya mikeka. Miyaa hukaushwa, huchanwa chane, nyingine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu mwembamba, na ukili ndio unaoshonwa kuwa mkeka. Jambo la kuangalia ni kwamba chane nyekundu haiachi kuwa nyekundu kwa kusukwa pamoja na nyeupe. Kila moja inabaki na rangi yake, na ua linaloonekana kwenye mkeka halimo ndani ya chane yoyote peke yake. Hakuna maelezo bora zaidi ya kazi ya mtu anayeunganisha muziki wa asili mbili, na hayakutungwa na mtaalamu wa muziki.

Isidhaniwe kwamba neno hilo limezeeka pamoja na ukili. Mafundi ujenzi wanaosimamisha maghorofa ya Kariakoo husuka nondo kabla ya kumwaga zege. Magazeti ya michezo, kila dirisha la usajili likifunguliwa, huandika kwamba Simba au Yanga inasuka upya kikosi, wala hakuna msomaji anayehitaji kuelezwa. Kusuka kikosi maana yake ni kuamua nani acheze wapi na nani amlishe nani mpira. Mwandishi wa habari za michezo alilipata neno ambalo kamati za istilahi hazikulipata, kwa sababu aliwasikiliza watu wanaozungumza.

Uzito wa suala hili unaonekana pale muziki wa asili mbili unapokutana, na mfano unaojulikana sana ni wa bluzi na muziki wa okestra wa Ulaya. Bluzi ya kawaida ni mzunguko wa mafungu 12 ya midundo minne minne, unaorudiwa tena na tena huku sauti ya tatu na ya saba za skeli zikishushwa kidogo, kwa namna ambayo piano haiwezi kuitoa sawasawa. Simfoni haizunguki hivyo. Wazo lake huvunjwavunjwa, huhamishwa kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, kisha hurudishwa. Mzunguko na mwendo havipatani vyenyewe, mpaka apatikane mtu wa kuvipatanisha.

William Grant Still, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1895, aliijua kazi hiyo kabla hajajulikana kama mtunzi. Mwaka 1916 alifanya kazi Memphis na W. C. Handy, mchapishaji na kiongozi wa bendi aliyekuwa ameanza kuzitoa bluzi kwa maandishi ya noti miaka minne kabla, na huko alizisuka kwa ajili ya bendi. Mwaka 1921 alipiga obo katika okestra ya mchezo wa Shuffle Along huko New York. Alijifunza utunzi kwa George Chadwick, kisha kwa Edgard Varèse. Simfoni yake ya Wamarekani Weusi, aliyoitunga mwaka 1930 na iliyopigwa mara ya kwanza Rochester mwaka 1931 chini ya Howard Hanson, baada ya utangulizi mfupi inaleta bluzi ya mafungu 12 inayopewa tarumbeta iliyozibwa mdomo. Bluzi hiyo inapita kwa klarineti, inajibiwa na ala nyingine, na katika sehemu ya tatu ya simfoni inasikika banjo, ala ambayo simfoni haikuwa na desturi ya kuikaribisha. Bluzi haikusafishwa ili ifanane na simfoni. Mzunguko ulibaki mzunguko, na mwendo ukapita kati yake. Mwaka 1936 Still aliiongoza okestra ya Los Angeles katika uwanja wa Hollywood Bowl, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza okestra kubwa ya nchi hiyo. Miaka ya kusuka kazi za wengine ndiyo iliyomfikisha hapo.

Mfano wa pili unathibitisha haja ya kutenganisha majina. Kazi maarufu ya George Gershwin ya mwaka 1924, Rhapsody in Blue, aliiandika kwa piano. Aliyeisuka kwa ajili ya bendi ya Paul Whiteman ni Ferde Grofé. Jina la Gershwin linajulikana dunia nzima na la Grofé linajulikana kwa wachache, ingawa rangi za ala ambazo watu wanazikumbuka ni kazi ya mikono ya Grofé. Kwa Kiswahili, Gershwin ni mtunzi. Kumwita Grofé mpangaji ni kumwacha mlangoni na kodi mkononi.

Dar es Salaam haikungoja habari hizo kutoka Marekani. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha jeshi la Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, na katika miaka iliyofuata vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vikishindana mjini kwa ngoma zilizochukua gwaride na matarumbeta ya kijeshi na kuvitia katika mashairi na mashindano ya Waswahili. Kuanzia miaka ya 1930 zikaja santuri za Kuba zilizojulikana kwa herufi GV. Dar es Salaam Jazz Band na bendi nyingine za mji zikazisikiliza, zikazipiga, kisha zikaacha kuziiga. Neno "jazz" katika majina yao halikumaanisha muziki wa New Orleans. Lilikuwa tangazo kwamba hapo pana ala za kisasa na watu watacheza dansi.

Mtu anayestahili kutajwa kwanza katika kazi ya kusuka muziki wa dansi ni Michael Enoch, aliyeitwa King Enoch. Alipiga gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960, na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na kuchukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo ukumbi wake ulikuwa Kariakoo. Humo alipiga mdomo wa bata, yaani saksafoni, na wanamuziki wenzake walimheshimu kama mwalimu. Mtindo wa bendi hiyo, Sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo, na si jina peke yake lililochukuliwa.

Desturi ya dansi ilikuwa kwamba mtunzi, mara nyingi mwimbaji, aje mazoezini na maneno na lahani, kisha bendi iufanyie kazi wimbo mpaka usimame. Solo hutafuta kauli yake, sekondi solo humjibu, rithimu hujaza, besi haifuati mdundo bali huuachia nafasi, na matarumbeta na midomo ya bata huingia baina ya beti kwa sentensi fupi zilizokwisha kukubaliwa. Sehemu ya kwanza ya wimbo huenda taratibu, habari isikike. Kisha mwendo hubadilika, likaja chemko, na hapo drams na tumba huleta midundo ya ngoma ambayo Kuba haikuijua. Kila kitu hapo ni chane yenye rangi yake: solo lenye asili ya Kongo, matarumbeta yenye asili ya Kuba na ya gwaride, ngoma ya pwani. Mwaka 1985 waimbaji na wapigaji kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Gurumo miongoni mwao, walihamia Orchestra Safari Sound. Bendi ilipoteza sauti zilizopendwa, lakini msikilizaji aliendelea kuitambua tangu ala zinaanza, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kilichobaki baada ya waimbaji kuondoka ndicho msuko.

Taarab ya mji huohuo husukwa kwa utaratibu mwingine. Katika vyama kama Egyptian Musical Club, fidla, akodiani na kanuni hufuata lahani moja kwa pamoja, kila ala ikiipamba kwa njia yake, na upambaji ndio unaozishikanisha. Msuko wa aina hiyo hauna tabaka za sauti za Ulaya, wala haupungukiwi kwa kutokuwa nazo.

Neno hili limepingwa, na mara nyingi limepingwa vikaoni kwa sentensi moja na mjadala ukafungwa. Hoja inayotolewa ni kwamba kusuka ni kazi ya saluni. Hoja hiyo ni ya dharau kwa kazi ya wanawake, na zaidi ya hapo haijui sarufi. Anayesuka nywele ni msusi, kwa kanuni ileile iliyotoa mpishi kutoka pika na mwandishi kutoka andika. Umbo la msukaji, lenye kiishio -aji, halikufungwa na kazi ya nywele. Lugha imeacha nafasi, na nafasi hiyo inalitosha jina hili bila kumgusa msusi.

Wengine wanapendekeza "arenja", na kuuliza mbona jina la Kariakoo lenyewe lilitoka Kiingereza. Jina hilo lilikopwa kwa sababu kambi ile ilikuja na jina lake. Kusuka kulikuwapo. Pendekezo la tatu, "muziki mchanganyiko", halijibu swali hata kidogo. Linataja hali ya muziki bila kumtaja aliyeufanya, na kuchanganya huishia kwenye kitu kimoja ambacho rangi zake zimepotea.

Matumizi ni mepesi: kusuka wimbo, kuusuka upya, msuko wa matarumbeta, msuko wa kwaya, "umesukwa kwa ajili ya piano na fidla".

Studio zinazotoa upya nyimbo za dansi, watangazaji wanaozicheza na walimu wanaozifundisha hutaja bendi, mwaka na mtunzi. Waongeze mstari mmoja: utunzi wa fulani, usukaji wa fulani. Wengi wa waliofanya kazi hiyo Dar es Salaam hawapo tena, na walio hai wanaowakumbuka waulizwe sasa.