Kibati Nyuma ya Kiti

Ujumbe ulikuwa wa mistari mitatu. Mtu mmoja wa ng'ambo alikuwa ameona picha ya kombi la marehemu baba mkubwa, picha niliyoiweka mtandaoni siku ya arobaini yake. Hakuuliza kama linatembea. Hakuuliza bei. Aliomba nimpigie picha kitu kimoja tu: kibati kidogo kilichopigiliwa nyuma ya kiti cha mbele.

Kombi lilikuwa pale pale lilipokuwa kwa miaka mingi, chini ya mparachichi, nyumbani Moshi. Kuku walitaga ndani yake. Utotoni nilikaa kwenye kile kiti nikijifanya dereva, na sikuwahi kuona kibati chochote. Nikapanda, nikapapasa. Kilikuwepo, kimefunikwa na rangi ya kijivu iliyopakwa juu ya rangi nyingine. Nikalowesha kitambaa kwa thina, nikasugua taratibu. Zikatokea namba, mstari baada ya mstari, bila neno hata moja.

Ilinichukua wiki kadhaa kujifunza kuzisoma. Nilichokipata humo kilinifundisha kuhusu historia kuliko nilivyotarajia kutoka kwenye bati lisilozidi kiganja changu.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 1947, mfanyabiashara wa Kiholanzi aitwaye Ben Pon alitembelea kiwanda cha Volkswagen huko Wolfsburg, Ujerumani, wakati huo kikiwa chini ya usimamizi wa Waingereza baada ya vita. Aliona mafundi wakisafirisha vyuma ndani ya kiwanda kwa kitoroli walichokiunda wenyewe kutokana na vipuri vya Volkswagen ile ndogo tunayoiita kobe. Tarehe 23 Aprili akachora kwenye daftari lake kisanduku chenye magurudumu, dereva amekaa mbele kabisa, injini nyuma kabisa. Machi 1950 kisanduku hicho kilianza kutengenezwa. Mwaka 1956 kikahamishiwa kiwanda chake chenyewe huko Hannover.

Aina mojawapo iliitwa Kombi, kifupisho cha neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari linalounganisha kazi mbili. Viti vya nyuma viling'oka. Asubuhi ungebeba watu, mchana ukabeba magunia. Sisi tukalichukua jina hilo na kuliita kombi karibu kila gari la umbo lile.

Kisanduku kilekile kiliweza kuwa gari la mikate, la wagonjwa, la zimamoto au nyumba ya kulala. Mnunuzi aliagiza anachotaka kutoka kwenye orodha, na kila kitu cha ziada kilikuwa na namba inayotanguliwa na herufi M, kutoka neno la Kijerumani *Mehrausstattung*, yaani vifaa vya nyongeza. M220, kwa mfano, ni difu ya kujifunga, ile inayozuia tairi moja lisizunguke bure kwenye tope huku lingine limesimama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, namba hizo ziligongwa kwenye kibati pamoja na alama za rangi, tarehe na mahali gari linakopelekwa. Kilikuwa karatasi ya maelekezo kwa wafanyakazi: gari hili liwekeeni hiki na kile. Hakuna aliyedhani kwamba miaka 60 baadaye kingesomwa kama cheti cha kuzaliwa.

Kinasomwa hivyo kwa sababu ya pesa. Mwaka 2011, kwenye mnada mmoja Marekani, basi la mwaka 1963 liliuzwa kwa dola 217,800. Lilikuwa la aina ambayo wapenzi huiita Samba, lenye madirisha 23. Hesabu nami: vioo viwili vya mbele, viwili vya milango ya mbele, vinne kila ubavu, kimoja nyuma, viwili vilivyopinda kwenye kona za nyuma, na vinane vidogo kwenye paa, vinne kila upande. Jumla 23. Basi la kawaida lina 11, kwa sababu halina vya paa wala vya kona, na kila ubavu una vitatu badala ya vinne. Kuanzia magari ya mwaka 1964 mlango wa nyuma ulipanuliwa, vioo vya kona vikakosa nafasi, na Samba ikabaki na madirisha 21.

Palipo na pesa nyingi hivyo, uchakachuaji hauko mbali. Fundi mwenye msumeno na uvumilivu anaweza kutoboa paa la basi la kawaida, akaweka vioo vinane, akapiga puti na rangi mbili za kupendeza. Mnunuzi asiyejua ataona Samba. Anayejua atahesabu vioo vya ubavuni. Vikiwa vitatu, maswali yanaanza. Vikiwa vinne, atafungua chumba cha injini na kutafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati. Kwa magari yaliyotoka kuanzia Agosti 1964, namba hiyo inajieleza yenyewe: tarakimu mbili za kwanza ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. 21 ni la mizigo, 23 ni Kombi, 24 ni lile la kifahari, 26 ni pikapu, 27 ni la wagonjwa. Kwa hiyo Samba ya mwaka 1965 itaanza na 245. Ikianza na 235, ni Kombi iliyovalishwa nguo za harusi ya mwenzake.

Magari ya kulala yana mtego wake. Kampuni ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück ilianza kuyawekea makabati na vitanda mwaka 1951, na kila mpangilio uliuzwa kwa alama yake. SO 42 na SO 44, kwa mfano, ni za miaka ya 1965 hadi 1967. Makabati hayo ni ya mbao, na mbao zinahamishika. Mtu anaweza kununua seti kamili kutoka kwenye gari lililooza na kuipachika kwenye gari ambalo maisha yake yote lilibeba saruji. Ndiyo maana kibati, chesisi na mbao huulizwa maswali yaleyale, kama mashahidi watatu waliotenganishwa vyumba. Wakitofautiana, mmoja anasema uongo, au kuna jambo lilitokea ambalo bado hatujaambiwa.

Wakati huo bado niliona haya yote kama mchezo wa matajiri. Kilichonibadilisha ni swali rahisi: kwa nini kitu kimoja ni adimu na kingine si adimu? Nilidhani adimu maana yake ni kizuri sana. Hapana. Pikapu za Volkswagen za katikati ya miaka ya 1960 ni chache Marekani kwa sababu ya kuku.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka hiyo, soko la pamoja la Ulaya lilipandisha ushuru kwa kuku waliogandishwa kutoka Marekani, ambao walikuwa wakiuzwa kwa wingi Ujerumani Magharibi. Wamarekani walijadiliana, wakachoka. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa ushuru wake: wanga wa viazi, dekstrini, brandi, na asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje. Pikapu na magari ya mizigo ya Volkswagen yakakwama hapo. Mabasi ya abiria, yenye viti na madirisha, yakaendelea kuingia. Basi ukiikuta leo pikapu ya 1966 yenye alama za kupelekwa Marekani, umeshika mabaki ya ugomvi wa kuku.

Nikarudi kwenye kibati chetu nikiwa na swali jipya. Namba ya chesisi ilianza na 235: Kombi, modeli ya 1965. Kati ya namba za nyongeza, moja ilihusu vioo vya mbele. Vyetu havikugandishwa kwenye mpira kama vya magari mengi. Vilikuwa na bawaba juu, na ukisukuma kwa ndani vilifunguka kwenda nje, upepo ukaingia usoni. Viliwekwa kwa ajili ya nchi za joto, na wapenzi wa magari haya dunia nzima huviita kwa jina moja: *safari*. Neno tulilolipata kwa Waarabu, tukalitumia kwa kwenda popote, hata sokoni, lilikwenda Ulaya likawa la kutazama simba, kisha likaishia kuwa jina la kioo. Kwenye nchi za baridi, ambako magari machache yaliagizwa navyo, vioo hivi husakwa sana. Siku hizi hutengenezwa hata vya kuiga, kwa hiyo kuvikuta kwenye gari si ushahidi. Ushahidi ni namba kwenye kibati.

Sasa nikaelewa ujumbe wa mistari mitatu. Nilipotuma picha, jibu lilikuja usiku uleule. Alitaka vioo viwili, na alitaka kibati. Gari libaki.

Fedha aliyotaja ingeezeka nyumba ya mama mkubwa upya na kubakiza. Nami nilijua kwa nini alitaka kibati. Vioo vya asili vikipachikwa kwenye basi lingine, vinabaki vipuri. Vikienda na kibati, basi hilo linapata utoto ambao halikuwa nao.

Kabla sijamwambia mama mkubwa, nilisoma habari za basi moja lililonikalia kichwani. Esau Jenkins alikuwa mkulima na mfanyabiashara mweusi wa kisiwa cha Johns Island, South Carolina. Katika miaka ya 1940 alisafirisha watu kwa basi kwenda Charleston, na njiani yeye na mkewe Janie waliwafundisha kusoma, ili wafaulu mtihani uliowekwa kuwazuia watu weusi wasipige kura. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1957 kisiwa hicho kilipata shule ya kwanza ya uraia, na mfano wake ukaenea kusini mwa Marekani. Baadaye Jenkins alikuwa na basi la Volkswagen la 1966, akaandika nyuma yake kauli yake kuhusu upendo na gharama ya chuki. Alifariki mwaka 1972, na basi likakaa uani likiliwa na kutu kwa miongo kadhaa. Sehemu zake zenye maandishi yale zipo katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi mjini Washington. Waliolihifadhi basi hawakulirudisha kuwa jipya. Walizuia kutu isiendelee, na rangi iliyochakaa ikaachwa.

Fikiria mtu angelirudisha jinsi lilivyotoka Hannover. Kila namba ingekuwa sahihi, na maandishi yangekuwa yamekwenda na msasa.

Kibati kinajua siku moja tu ya maisha ya gari. Chetu hakijui kwamba baba mkubwa alipeleka watalii Ngorongoro kwa gari lile. Hakijui kwamba Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakapungua, naye akang'oa viti vya nyuma na kuanza kubeba mahindi. Hakijui ile rangi ya kijivu ni ya nini. Mama mkubwa anajua: ilibaki baada ya kupaka mageti ya shule, na yeye hakuwa mtu wa kutupa rangi.

Nilimweleza yote, akiwa anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho.

"Vioo viuze," alisema. "Mvua inanyesha ndani, mwanangu. Baba yako mkubwa hasafiri tena."

"Na kibati?"

"Hicho namba zake ni za gari gani?"

"La kwetu."

"Basi kikae kwenye gari la kwetu."

Mnunuzi alipunguza bei, akachukua vioo peke yake. Fundi mmoja wa Pasua akakata vioo vya kawaida na kuvigandisha kwa mpira. Paa la nyumba sasa ni jipya. Na kombi liko chini ya mparachichi, na kibati kinachodai vioo ambavyo halina.

Nimenunua daftari la jalada gumu, nikaandika tarehe ya vioo kutoka, nani alivichukua, na kwa nini. Kisha nikarudi nyuma: rangi ya mageti, mahindi, mpaka, Ngorongoro, kila nilichoweza kumuuliza mama mkubwa wakati bado anakumbuka. Kwa wakati huo tumefika mwaka 1971. Daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka nyuma ya kiti cha mbele.