Mzigo Unabadilisha Mikono Mara Ngapi? Historia Fupi ya Njia za Kinkondja

Ndugu zangu tuliomaliza chuo, na ninyi mungali munasoma: tukizungumzia usafirishaji wa mizigo katika inchi yetu, tunazoea kusema tu kama barabara ni mbaya. Ni kweli, lakini haitoshi. Miye nilisomea agronomi, kwa hiyo ninaleta ulizo lingine: toka kwa mwenye kuvua ao kulima mpaka kwa mwenye kula, mzigo unabadilisha mikono mara ngapi? Kila mara unapopakuliwa na kupakiwa tena, kuna wabebaji wa kulipa, kuna siku za kungojea, kuna magunia yenye kunyeshewa. Tuangalie historia ya kwetu na ulizo hilo.

Byashara hapa haikuanza na Mzungu. Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya zamani ku Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale. Walikuta vyungu, vitu vingi vya shaba, hata kauri za Bahari ya Hindi. Makaburi mengine yana miaka karibu 1000. Lakini ku Kisale hakuna mawe ya shaba! Ilitoka mbali kusini, upande wa migodi ya leo. Kiisha, misalaba midogo ya shaba ikatumika kama feza. Wakati ule shaba ilikuwa inakuja kwetu, na ziwa lenye samaki lilikuwa na kitu cha kurudisha.

Wakoloni waligeuza njia hiyo. Kampuni ya CFL ilianzishwa 1902 ili kuunganisha vipande vya Lualaba kwa reli na meli. Mwaka 1918 reli ya kutoka Sakania na Elisabethville (Lubumbashi) ilifika Bukama. Kutoka pale meli zilishuka mto, zikapita Kisale na Kinkondja, mpaka Kongolo.

Sasa tuhesabu. Mzigo wenye kufuata njia hiyo mpaka baharini ulitoka treni na kuingia meli ku Bukama, ukageuzwa tena ku Kongolo, Kindu, Ponthierville (Ubundu), Stanleyville (Kisangani), Léopoldville (Kinshasa) na Matadi. Mara 7! Ndiyo maana shaba nyingi ilipita kusini, kwa reli mpaka bandari ya Beira.

Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui (Ilebo). Mara 7 zikawa 3: Ilebo, Kinshasa, Matadi. Mwaka 1931 njia ya reli mpaka Lobito, ku Angola, ikafunguliwa. Mara 3 zikawa 1, pale bandarini tu. Mwaka 1956 reli ya Kamina–Kabalo ikamalizika, na reli ya CFL ya kwenda Kalemie ilipanuliwa toka mita 1 mpaka mita 1.067, ili behewa lisafiri bila kupakuliwa. Toka siku hiyo, mzigo wa Lubumbashi wenye kwenda Kalemie haukuhitaji tena meli zenye kupita Kinkondja.

Munaona sasa? Kila hatua ilipunguza mikono kwa shaba. Kwa samaki, hakuna aliyehesabu. Samaki ya Kisale ililisha wafanyakazi wa migodi, lakini ilisafiri kama mgeni juu ya njia iliyojengwa kwa kazi ya wengine. Kazi hiyo ilipohamia reli, mto ulibaki na watu wake.

Mwaka 1974 serikali iliunganisha kampuni za reli kuwa SNCZ, leo SNCC. Reli zikazeeka, treni zikapunguka. Leo samaki ya kukauka inatoka kambi ya wavuvi kwa mtumbwi, inauzwa ku Kinkondja, inapanda balenyeri, ile mashua ya mbao yenye motere, inashuka ku Bukama, kiisha inangojea kamyo ao treni ya Lubumbashi. Mahindi mengine yanaanza safari juu ya kinga, mtu akisukuma magunia ndani ya mchanga. Kwa hiyo mavuno yakiongezeka, faida haimfikii mkulima: inabaki njiani.

Mwaka 2022 Angola ilikabidhi reli ya Lobito kwa kampuni tatu kwa miaka 30, na mwaka 2024 Rais Joe Biden alifika kuiangalia. Ni jambo zuri. Lakini reli hiyo inatazama Kolwezi na madini yake. Ni historia ya 1931 inarudi.

Sisi wasomi wa Haut-Lomami tusingojee reli ya ajabu. Tuombe vitu vidogo: gati ku Kinkondja, depo yenye paa ku Bukama karibu na stesheni, mfereji wa mto wenye kusafishwa majani. Kila kimoja kinapunguza hasara pale mzigo unapogeuzwa.

Na kwenu? Gunia la mahindi ao kifungu cha samaki kinabadilisha mikono mara ngapi mbele ya kufika sokoni? Hesabuni, muandike hapa chini. Hesabu hiyo ndiyo tutapeleka kwa wakubwa.