Kabla Useme Mkahawa Umekuibia, Soma Risiti

Wasee, tukitoka mkahawani tunapost picha ya sahani, tunalia bei, halafu risiti tunaitupa. Hebu isome kwanza.

Chukua bili ya 1,500, ushuru ukiwa ndani. Ukitoa VAT ya asilimia 16 na ile CTL ya asilimia 2, chakula chenyewe kilikuwa kama 1,271. Hizo 229 hazikupita jikoni.

VAT ilikuja 1990, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Wakati wa korona 2020 ilishushwa hadi 14, ikarudi 16 Januari 2021. Menyu zilishuka pia? Mimi sikuona.

Lakini CTL ndiyo yenye stori. Ni tozo ya miaka ya 1970, watalii wakiongezeka na Kenya ikitaka wapishi na wahudumu waliosomea kazi. Pesa hiyo ndiyo ikalea Chuo cha Utalii, kilichoanzishwa 1975, pale Thika Road, kwa msaada wa Uswisi. Yaani kwa karibu miaka 50 sisi wateja tumekuwa tukilipia masomo ya huduma nzuri. Ukiletewa chips baridi na mtu aliyenuna, lalamika bila aibu. Karo ulilipa.

Kibandani hakuna hayo. Wengi hawafikishi mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, kwa hivyo sheria haiwalazimishi kujisajili VAT. Ndiyo maana nikilinganisha na ugali sukuma ya 150, naweka 1,271, si 1,500.

Na bado mara nyingi kibanda kinashinda.