Shoka Kuukuu Nalo ni Waraka

Shoka lililochakaa, linalopimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu huko Temeke, Dar es Salaam, ni waraka wa historia. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba wahunzi wa Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, waliyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ufundi wa wahunzi wetu unasomeka kwenye mpini: katika shoka la jadi, mkia wa chuma hupenya kichwa cha mti, ilhali katika shoka la kiwandani, mti ndio unaoingia kwenye tundu la chuma. Tofauti hiyo ndogo inatenganisha kiriba cha mhunzi na meli ya bidhaa za Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba chuma kikiyeyushwa kuwa nondo kina faida zaidi. Ni kweli nondo hujenga nyumba, lakini haisimulii aliyeifua. Wengine watasema shoka limemaliza misitu yetu. Hiyo nayo ni sababu ya kulitunza, kwani ushahidi hautupwi. Basi anayelinunua asugue kutu taratibu, apake mafuta, asiitie tupa alama ya mhunzi, na aandike lilikotoka. Kijitonyama, Kijiji cha Makumbusho kinatunza nyumba za jadi. Zana zilizokata miti ya nyumba hizo zinastahili heshima hiyohiyo.