Jesse Ventura: Sauti Iliyodai Ujira Wake

Mwishoni mwa mwaka 1984 Jesse Ventura alikuwa amebakiza hatua chache afikie pesa ambazo kila mwanamieleka wa Marekani alizitamani. Alikuwa amepangiwa mfululizo wa mapambano dhidi ya Hulk Hogan, bingwa wa shirikisho la mieleka la WWF. Kukutana na Hogan siku hizo maana yake ilikuwa ukumbi kujaa pomoni na fungu nono la mapato ya mlangoni. Badala ya kupanda ulingoni akalazwa hospitalini, damu imeganda mapafuni. Alikuwa na miaka 33, mke na watoto wawili, na kazi yake haikuwa na likizo ya ugonjwa. Mwanamieleka asiyepanda ulingoni halipwi.

Kilichomwokoa ni mdomo.

WWF ilimrudisha kazini kama mtangazaji, na kuanzia hapo sauti yake ikawa ndiyo mtaji. Ilimpeleka kwenye meza ya watangazaji wa WrestleMania, onyesho kubwa la WWF, kwenye filamu, redioni, hadi ofisi ya gavana wa Minnesota na kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana. Ilimpeleka pia mahakamani, kwa sababu Ventura alikuwa miongoni mwa wanamieleka wachache wa kizazi chake waliojiuliza swali ambalo mapromota hawakupenda kulisikia: nikishasema, maneno yangu yakauzwa, pesa ni ya nani?

Jina alilopewa na wazazi ni James Janos. Alizaliwa Minneapolis tarehe 15 Julai 1951, katika familia ya kawaida ambayo baba na mama wote walikuwa wamepitia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipomaliza sekondari mwaka 1969 alijiunga na Jeshi la Majini, akafuzu mafunzo ya makomando wa kubomoa vizuizi chini ya maji. Aliporudi uraiani alisoma kwa muda katika chuo kimoja cha jimboni kwao na kunyanyua vyuma. Mfano wake wa kuigwa alikuwa Superstar Billy Graham, mwanamieleka wa misuli iliyotuna, nywele za dhahabu na maneno mengi. Kijana Janos akaona njia. Akaenda kufundishwa na Eddie Sharkey, akaipaka nywele rangi, akachukua jina la Jesse, na la ukoo akaliokota kwenye ramani ya California. Akaanza kazi mwaka 1975.

Mieleka ya kulipwa ni mchezo ambao mshindi hupangwa kabla ya kengele kugongwa. Kila pambano lina stelingi wake na adui wake, kama filamu. Kazi ya adui ni kuwachukiza watazamaji kiasi kwamba watalipa kiingilio tena juma lijalo ili wamwone akipigwa. Ventura alizaliwa kuwa adui. Alivaa mitandio ya manyoya shingoni, hereni, miwani ya rangi na suruali za kubana, kisha akasimama mbele ya mafundi mitambo na wakulima wa Minnesota kuwaambia kwamba yeye ni mtu wa pwani ya California na mwili wake ni mzuri kuliko yao. Wenyeji hao walimzomea mtoto wao wa kuzaliwa bila kujua.

Ulingoni hakuwa fundi mkubwa, na mwenyewe hakudai hivyo. Mwaka 1980, akishirikiana na Adrian Adonis, alitwaa ubingwa wa timu za watu wawili katika shirikisho la AWA, lililokuwa na makao yake Minneapolis. Walipewa mikanda kwa sababu mpinzani wao Verne Gagne hakutokea siku ya pambano. Waliishikilia kwa takriban mwaka mzima, na Ventura alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye kipaza sauti: kujigamba, kutukana mji, kumtetea mwenzake. Walipohamia WWF mwanzoni mwa miaka ya 1980, sifa ya mdomo wake ilikuwa imetangulia.

Hadi hapo mezani pa watangazaji palikuwa na desturi moja. Mtangazaji aliwaeleza watazamaji kinachotokea na, kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara, alilaani udanganyifu. Ventura alikuja na kitu kingine. Alikaa pembeni ya Gorilla Monsoon, mwanamieleka mstaafu mwenye mwili mkubwa aliyewakilisha haki na sheria, kisha akawatetea maadui hewani, waziwazi, kwa hoja. Adui akimvuta mpinzani nywele, Ventura alisema refa hakuona, na kama refa hakuona hakuna kosa. Hogan akimkwaruza mtu mgongoni au akimkaba koo, Monsoon alinyamaza, naye Ventura akamuuliza mbona leo huoni ubaya. Wapenzi wengi wa mieleka humhesabu kuwa ndiye aliyefungua njia ya mtangazaji wa upande wa maadui, nafasi ambayo leo haikosekani karibu katika kila kipindi cha mchezo huo.

WrestleMania ya kwanza ilifanyika Madison Square Garden, New York, tarehe 31 Machi 1985, na wawili hao ndio waliotangaza. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Machi 1987, walikuwa Pontiac Silverdome katika jimbo la Michigan, mbele ya watu ambao WWF yenyewe ilitangaza kuwa ni 93,173. Siku ile dunia ilikwenda kumwona Hogan akimbeba Andre the Giant, lakini pambano linalotajwa zaidi na wajuzi ni la Randy Savage na Ricky Steamboat. Dakika za mwisho Savage alichukua kengele ya ulingoni, ile ile aliyokuwa amemuumiza nayo Steamboat kooni miezi kadhaa kabla, akapanda kamba za kona ili amrukie. George Steele, rafiki wa Steamboat aliyekuwa nje ya ulingo, akamsukuma. Savage akaanguka na kengele yake, na punde Steamboat akamkunja na kumbana sakafuni, akawa bingwa.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Lakini ukiitazama sheria, mtu wa tatu ndiye aliyeamua pambano. Matukio ya aina hiyo ndiyo yaliyompa Ventura hoja yake ya siku zote: angelifanya adui mngeliita wizi, amelifanya stelingi mnaliita haki. Watoto walimchukia kwa kusema hivyo. Waliokua kidogo walianza kugundua kwamba mara nyingi anasema kweli.

Kampuni iliyomiliki WWF, Titan Sports, iliuza matukio hayo kwenye kanda za VHS. Zilivuka bahari. Hata katika mabanda ya video ya miji ya Afrika Mashariki, Hogan na Andre walikaa rafu moja na Bruce Lee. Kila kanda ilikuwa na picha za waliopigana na sauti za waliotangaza, ila waliotangaza hawakuwa wakipata mgawo wa mauzo.

Ventura alikuwa ameshaonja hali tofauti. Mwaka 1986 alikwenda Mexico kuigiza katika filamu ya Predator pamoja na Arnold Schwarzenegger. Ili kuigiza ilibidi awe mwanachama wa chama cha waigizaji, na chama hicho kilikuwa na viwango vya malipo, bima ya afya na pensheni. Mwaka huo huo, karibu na WrestleMania ya pili, alisimama katika chumba cha kubadilishia nguo akawaambia wenzake waungane, kwa kuwa promota hawezi kufuta onyesho kubwa namna ile dakika za mwisho. Muda si mrefu Vince McMahon, mwenye kampuni, akampigia simu kumkaripia. Kwa maelezo ya Ventura, alikuja kujua aliyemchongea miaka kadhaa baadaye, McMahon alipohojiwa na mawakili chini ya kiapo na kumtaja Hulk Hogan.

Baada ya filamu, Ventura alirudi mezani akiwa na wakala wa kumjadilia mkataba. Wakala aliuliza kuhusu mirabaha ya kanda za video. Akajibiwa kuwa utaratibu wa kampuni ni kuwalipa wale tu walio wahusika wakuu wa kanda, na Ventura na wakala wake wakakubali. Mwaka 1990 Ventura na WWF waliachana kwa ugomvi juu ya mkataba wake wa mchezo wa video na kampuni ya Sega. Mwaka uliofuata Ventura alifungua kesi huko Minnesota. Ikabainika kuwa jibu alilopewa wakala wake halikuwa la kweli: wengine, wasio wahusika wakuu, walikuwa wakilipwa. Mwaka 1994 jopo la wananchi waliosikiliza kesi liliamuru alipwe zaidi ya dola 800,000, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikaubariki uamuzi huo.

WWF ilijibu kwa mkasi. Katika kanda kadhaa za zamani zilizotolewa upya, sauti ya Ventura ilifutwa na mtangazaji mwingine akaingizwa kusimulia mapambano ambayo yeye hakuwapo. Mashabiki walioyakariri maneno ya awali walinunua pambano lile lile na kusikia maelezo ya mtu mgeni.

Wakati kesi ikiendelea, Ventura alikuwa akitangaza katika shirikisho pinzani la WCW, na wakati huo huo alikuwa meya wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, kuanzia 1991 hadi 1995. Baadaye akaendesha kipindi cha redio. Mwaka 1998 aligombea ugavana kwa tiketi ya chama kidogo cha Reform Party dhidi ya Norm Coleman wa Republican na Skip Humphrey wa Democratic. Hakuwa na pesa za kuwafikia, lakini kwenye midahalo wapinzani wake walizungumza kama wanasiasa na yeye akazungumza kama mtu wa kipaza sauti. Mojawapo ya matangazo yake ya televisheni lilimwonyesha kama mwanasesere wa watoto anayepambana na mwanasesere mwovu aliyewakilisha makundi yenye maslahi binafsi. Alishinda kwa asilimia 37 ya kura, Coleman akapata 34 na Humphrey 28. Mtu aliyekuwa akijulikana ulingoni kwa lakabu ya The Body, akawatania waandishi wa habari kwamba sasa aitwe The Mind.

Ugavana wake, kuanzia Januari 1999 hadi Januari 2003, una mengi ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Aliwarudishia wananchi ziada ya kodi na akasukuma ujenzi wa reli ya mjini Minneapolis. Akiwa madarakani aliamua pambano la WWF kama refa maalumu mwezi Agosti 1999, na mwaka 2001 akatangaza mechi za ligi mpya ya kandanda ya Kimarekani, XFL, iliyoanzishwa na McMahon yule yule. Ukosoaji wa magazeti ulipozidi, ofisi yake iliwatolea wanahabari vitambulisho vyenye picha yake na maneno yanayowatambulisha kama mbweha rasmi. Mtu aliyejenga jina kwa kuwashambulia wengine hewani hakuvumilia kushambuliwa.

Uandishi aliuanza akiwa gavana. Kitabu chake cha kwanza, I Ain't Got Time to Bleed, kilitoka mwaka 1999 kikiwa na jina lililochukuliwa kwenye maneno yake maarufu katika Predator, na kiliuzwa sana. Ni nusu wasifu, nusu ilani ya siasa. Vilifuata vingine, na kuanzia mwaka 2008 alishirikiana na mwandishi Dick Russell katika vitabu kama Don't Start the Revolution Without Me! na American Conspiracies. Mwaka 2009 akapata na kipindi cha televisheni kuhusu njama za siri.

Anayevisoma vitabu hivyo baada ya kuzitazama kanda za zamani ataitambua mbinu. Refa amesema hivi, watazamaji wameshangilia, na Ventura anauliza mbona upande wa pili haukusikilizwa. Mezani, mbinu hiyo ilikuwa na Monsoon wa kuizuia: kila hoja ilijibiwa papo hapo. Kwenye kurasa hakukuwa na Monsoon. Ndiyo maana maswali yake ya msingi kuhusu pesa katika siasa yanakaa kitabu kimoja na madai juu ya mashambulizi ya Septemba 11 ambayo wachunguzi wameyakataa, na msomaji anaachiwa achambue mwenyewe.

Maneno yalimrudisha mahakamani. Mwaka 2012 mdunguaji wa zamani wa Jeshi la Majini, Chris Kyle, alitoa kitabu cha American Sniper chenye kisa cha kumpiga ngumi mtu aliyewatukana wanajeshi baani, kisha katika mahojiano akasema mtu huyo ni Ventura. Ventura alikana na kushtaki kwa kuchafuliwa jina. Kyle aliuawa Februari 2013 na kesi ikaendelea dhidi ya mirathi yake, jambo lililowaudhi wengi, wakiwamo wanajeshi wenzake wa zamani. Mwaka 2014 alishinda takriban dola milioni 1.8, mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu, mwaka 2017 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Na WWF, iliyogeuka kuwa WWE, walipatana mapema zaidi. Mwaka 2004 ilimwingiza kwenye orodha yake ya magwiji, na tarehe 14 Desemba 2024, akiwa na miaka 73, alirudi mezani kutangaza Saturday Night's Main Event huko Long Island, kipindi alichokitangaza pamoja na McMahon miaka ya 1980. Nyuma yake kuna kizazi kizima kilichopita njia ile ile. Jerry Lawler na John Layfield walitoka ulingoni wakawa watangazaji, na wote wawili wakaandika vitabu. Mick Foley, ambaye naye aliwahi kukaa meza hiyo, aliandika wasifu wake kwa mkono na ukatoka mwaka 1999, miezi michache baada ya kitabu cha Ventura.

Mirabaha ya video siku hizi ni kipengele cha kawaida katika mikataba yao. Chama cha wafanyakazi alichokipigia debe chumbani mwaka 1986 hakijaundwa, na wanamieleka wa WWE bado wanahesabiwa kuwa makandarasi huru, si waajiriwa.