Nguruwe Mwitu, Dungu na Dola: Historia ya Ulinzi wa Mashamba Kusini-Mashariki mwa Tanzania

Katika historia ya wakulima wa kusini-mashariki mwa Tanzania, yaani nchi inayoanzia Uzaramo, nyuma ya Dar es Salaam, ikapitia bonde la Rufiji na vilima vya Umatumbi hadi Lindi na Mtwara, ni vigumu kumtaja mnyama aliyewakosesha watu usingizi zaidi ya nguruwe mwitu. Tembo huharibu mengi kwa saa moja na simba huogopwa zaidi, lakini wote wawili hufika kwa nadra, ilhali nguruwe hurudi kila msimu, mara tu muhogo unapojaza na mahindi yanapobeba. Hasara aliyoileta haikuwa sawa katika nyakati zote, na sababu ya tofauti hiyo haimo katika tabia yake pekee. Mambo yaliyotokea tangu miaka ya 1890 yanaonyesha kwamba nguruwe mwitu alishinda hasa pale ambapo dola, kwa kodi, kwa sheria za uwindaji au kwa mipango ya makazi, iliwaondoa shambani watu waliokuwa wakilinda au iliwanyima zana walizolindia.

Mnyama anayezungumziwa hapa ni yule ambaye wataalamu wa wanyama humwita Potamochoerus larvatus, mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia au nyeusi na mgongo wenye singa zinazosimama anaposhtuka. Hapaswi kuchanganywa na ngiri, ambaye ana pembe kubwa zilizopinda na hutembea mchana katika mbuga za wazi, wala na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye babu wa nguruwe wafugwao. Nguruwe mwitu wa Afrika Mashariki hushinda mchana amelala vichakani, akatoka usiku pamoja na kundi lake dogo kutafuta mizizi, viazi vya porini, matunda na wadudu, na kwa kuwa pua yake imeumbwa kwa kufukua, shamba la muhogo, viazi vitamu au karanga humpa kwa urahisi kile ambacho porini angekitafuta kwa taabu. Jike huzaa kwa kawaida watoto 3 au 4, na wakati mwingine zaidi, hivyo kundi lililopunguzwa kwa msako hujaza pengo lake upesi. Zaidi ya hayo, nguruwe hupenda mahame, yaani mahali palipoachwa na watu na kuota vichaka, na kwa sababu hiyo kilimo cha kuhamahama, ambacho huacha ardhi ipumzike kwa miaka kadhaa, kilimpatia daima maficho karibu na mashamba mapya.

Kabla ya utawala wa kigeni, wakulima wa eneo hili walikuwa na utaratibu wa ulinzi uliotegemea kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Wanaume wa vijiji jirani walifanya msako kwa nyavu, ambapo kundi moja lilitandaza nyavu ndefu zilizosukwa kwa kamba za miti, kundi jingine likawaswaga wanyama kwa kelele na mbwa, na wenye mikuki wakawasubiri pale walipokwama. Kulikuwa na mashimo na mitego kwenye njia za wanyama, kulikuwa na uchomaji wa vichaka wakati wa kiangazi, na kulikuwa na boma la miti kuzunguka mashamba yaliyo karibu na nyumba. Msimu wa mavuno ulipokaribia, familia zilihamia kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ili kuamia mazao: mchana kuwafukuza ndege na nyani kwa kombeo, usiku kuwawinga nguruwe kwa moto na ngoma. Kazi hizi zilishikana, kwa maana kwamba msako ulipunguza idadi ya nguruwe, boma likawachelewesha waliobaki, na mlinzi wa dungu akakabiliana na wachache waliopenya. Ngazi moja ilipoondoka, mzigo wote uliangukia zile zilizobaki.

Utawala wa Kijerumani ulianza kugusa utaratibu huo mwaka 1896, wakati Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya wanyamapori iliyoanzisha leseni za uwindaji na hifadhi za kwanza, mojawapo ikiwa katika eneo la Rufiji. Amri zilizofuata zilizidi kubana uwindaji wa Waafrika, hasa ule wa makundi makubwa ya watu, ambao watawala waliuona kuwa ni uteketezaji wa wanyama. Hata pale ambapo nguruwe mwenyewe hakuhesabiwa kuwa mnyama wa kulindwa, njia zilizotumika kumkamata ndizo zile zile zilizomkamata paa na kongoni, na mkulima aliyekutwa na nyavu alikuwa na kazi ya kueleza alikuwa akimsaka mnyama gani. Mnamo 1904 ikaongezwa sheria ya misitu, iliyowezesha serikali kutenga hifadhi za misitu na kuzuia humo kilimo na uchomaji wa vichaka, jambo lililomaanisha kwamba baadhi ya maficho ya nguruwe sasa yalikuwa na ulinzi wa serikali.

Pigo la pili lilitokana na kodi na kazi. Kuanzia 1898 kodi ya nyumba ilidaiwa, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na mwanamume asiye na mazao ya kuuza alilazimika kuifuata fedha mahali ilipokuwepo, iwe mjini Dar es Salaam au kwenye mashamba makubwa ya walowezi. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ukaanzishwa mpango wa pamba katika wilaya za pwani na kusini, ambapo kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji aliyetambuliwa na serikali, alitakiwa kuwa na shamba la pamoja, na wanaume wa eneo lake walipangiwa kufanya kazi humo kwa siku 28 kwa mwaka. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi ya watu walikataa kuyapokea, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa ya muda, kwa sababu pamba ilidai kazi katika majira yale yale ambayo chakula kilihitaji kupandwa, kupaliliwa na kulindwa.

Mwanahistoria Mmarekani Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoichapisha mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe mwitu huko Uzaramo, aliyaunganisha mambo haya katika hoja moja. Kwa maelezo yake, kuondoka kwa wanaume kwenda kutafuta kodi, pamoja na vikwazo vya uwindaji, kuliacha vijiji bila watu wa kufanya msako na kujenga boma, nguruwe wakaongezeka, mazao yakaliwa, na wanawake wakajikuta wakibeba kazi ya kulinda juu ya kazi ya kulima waliyokuwa nayo. Hoja hiyo ilibadilisha namna ya kuitazama njaa ya miaka iliyotangulia vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, kwa kuwa njaa hiyo haikuletwa na ukame pekee. Ilikuwa pia matokeo ya kuvunjika kwa mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke, na ugomvi uliozuka majumbani na mbele ya majumbe kuhusu nani alinde, nani alime na nani avune ulikuwa sehemu ya siasa za wakati huo.

Ushahidi wenye uzito wa pekee unatoka upande wa watawala wenyewe. Kapteni Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliandika mwaka 1906 kuhusu sifa zilizotangazwa za maji, ile dawa iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi. Kinga dhidi ya risasi, ambayo ndiyo inayokumbukwa zaidi katika vitabu vya shule, ilikuwa moja tu ya ahadi zake. Merker anaeleza kwamba dawa hiyo ilisemekana kuleta afya na mavuno mengi, kuondoa njaa na maradhi, na hasa kuyakinga mashamba yasiharibiwe na nguruwe mwitu, ili watu wasilazimike tena kwenda kufanya kazi ya kibarua kwa wageni. Katika mpangilio huo nguruwe na kibarua wamo ndani ya ahadi moja, na hilo linaonyesha kwamba wale waliokwenda Ngarambe walikuwa na maelezo yao ya uchumi wa kikoloni: shamba lisiloweza kulindwa humtoa mtu kijijini, na mtu akishatoka, shamba halilindiki.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, kwa kung'oa mashina ya pamba, na Kinjikitile akanyongwa Mohoro mnamo tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Jeshi la Kijerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, kuteketeza maghala na kuzuia watu kupanda, na vita vilipokoma mwaka 1907 makadirio rasmi yalikuwa watu 75,000 waliokufa, huku mwanahistoria G. C. K. Gwassa akikadiria baadaye kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Waliosalimu amri walitakiwa kusalimisha silaha, yakiwemo magobole, yaani bunduki za kushindilia baruti, ambazo zilikuwa pia zana za kulindia mashamba. Vijiji vikawa mahame katika maeneo makubwa, pori likarudi, na wanyama wakafuata pori.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliunda idara ya wanyamapori, ambayo ofisa wake alijulikana vijijini kwa jina la Bwana Nyama. Sehemu kubwa ya kazi ya idara hiyo kusini ilikuwa kuwapiga risasi tembo waliovamia mashamba, wakati nguruwe, ambaye hana pembe za kuuza wala hadhi kwa wawindaji wa Ulaya, aliachiwa mkulima. Wakati huo huo pori la akiba lililoitwa Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lilipanuliwa hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1940 watu wa magharibi mwa Liwale walihamishwa kwa sababu iliyotajwa kuwa ugonjwa wa malale. Uislamu nao ulienea kwa kasi katika eneo hili baada ya Maji Maji, na kwa kuwa nyama ya nguruwe ni haramu kwa Waislamu, msako uliokuwa na faida mbili, kulinda na kupata kitoweo, ulibaki na moja tu. Desturi ya kusaka haikufa kwa hilo. Unguja, ambako takriban watu wote ni Waislamu, vikundi vya wasasi wenye mbwa na mikuki vimeendelea kuwasaka nguruwe kwa ajili ya kuokoa mazao. Lakini gharama ya kazi hiyo sasa ilihitaji kubebwa na jamii bila malipo ya nyama.

Baada ya uhuru, mipango ya makazi iliibua tatizo lile lile kwa nia tofauti. Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 1968 yalifuatiwa na kuhamishwa kwa wakulima wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa vilivyojengwa mahali pa juu, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilieneza mtindo huo nchini. Kijiji cha pamoja kilileta shule, zahanati na kisima karibu na watu, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, mbali na nyumba, na mkulima aliyezoea kulala kando ya mpunga wake akalazimika kuchagua kati ya kuishi kijijini na kuvuna. Wengi walichagua kuishi maisha mawili, wakikaa kwenye dungu kwa miezi ya ulinzi na kurudi kijijini baada ya mavuno.

Gharama ya maisha hayo ilidhihirika kwa namna ya kutisha mwishoni mwa karne ya 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na mtafiti wa simba Craig Packer pamoja na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wamewaua zaidi ya watu 563 nchini na kuwajeruhi zaidi ya 308, hasa katika mikoa ya kusini, na kwamba mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Kiungo cha mkasa huo kilikuwa nguruwe mwitu. Idadi ya watu nchini ilipanda kutoka milioni 23.1 katika sensa ya 1988 hadi milioni 34.4 katika ile ya 2002, wanyama kama pundamilia na kongoni wakatoweka kwenye maeneo ya kilimo, na nguruwe, anayestawi kwa mazao yenyewe, akabaki kuwa windo kuu la simba nje ya hifadhi. Simba alimfuata nguruwe hadi shambani, na shambani alimkuta binadamu amelala kwenye kibanda hafifu akimsubiri nguruwe huyo huyo. Ndiyo maana watafiti hao walishauri kwamba ulinzi wa watu dhidi ya simba uanze na udhibiti wa nguruwe mashambani.

Ushauri huo unarejesha suala la kazi na zana, kwa kuwa mbinu zilizopo leo, zikiwemo mbwa, mitego ya waya, mahandaki na boma la miti, ni zile zile za zamani au ndugu zao. Mitego ya waya hunasa pia wanyama wanaolindwa kisheria, na sumu huua mbwa, ndege na hata watu, wakati boma na handaki, ambavyo havimdhuru yeyote, hudai siku nyingi za kazi ambazo mkulima mmoja mmoja hana. Mamlaka humlipa mfiwa wa aliyeuawa na simba kifuta machozi, lakini usiku ambao familia imeutumia kuamia muhogo hauingii katika hesabu yoyote, ingawa ndio gharama ya kwanza na ya kudumu. Mpango wa hifadhi, makazi au kilimo cha biashara utakaoandaliwa kwa eneo hili bila kuuliza nani atalinda chakula usiku, kwa zana gani na akiwa amelala wapi, utarudia kosa la mwaka 1902, kwa sababu nguruwe mwitu hahitaji zaidi ya shamba lisilo na mlinzi ili aongezeke.