Farasi wa Ouagadougou: Historia Fupi ya FESPACO

Tamasha la Filamu la Afrika la Ouagadougou, ambalo wenyewe tumezoea kuliita FESPACO, limekwisha kufanyika mara 29. Kwa kalenda yake ya mwaka mmoja kazi na mwaka mmoja mapumziko, la 30 linaangukia 2027. Kabla ngoma hazijaanza kulia, inafaa tuwaandikie machache vijana wanaoshika kamera leo, hasa wale wa filamu za hali halisi. Wengi wao wanalijua tamasha hili kwa filamu zake za hadithi, na hawajaambiwa kwamba lilizaliwa na kiu ya watu weusi kujionyesha wenyewe walivyo, kwa macho yao na sauti zao.

Kabla ya tamasha

Mwaka 1934 Ufaransa ilitoa amri kwa makoloni yake, amri iliyokuja kujulikana kwa jina la waziri Pierre Laval. Aliyetaka kupiga filamu alipaswa kwanza kuomba kibali cha gavana na kueleza atapiga nini na akina nani. Kwa Mwafrika, huo ulikuwa mlango uliotiwa komeo. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo aliyesomea filamu Paris, alipokosa ruhusa ya kupiga filamu barani kwake, yeye na wenzake waliigeuza kamera kuwaelekea Waafrika waliokuwa wakiishi Paris. Mwaka 1955 wakatoa *Afrique-sur-Seine*, filamu ya hali halisi ya dakika ishirini hivi. Fikiria: miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za Waafrika wa kusini mwa Sahara ni filamu ya hali halisi, na ilipigwa ugenini kwa sababu nyumbani palikatazwa.

Wa pili wa kukumbukwa ni Oumarou Ganda wa Niger. Kijana huyu alipigana Indochina katika jeshi la Ufaransa, akarudi, akaangukia Abidjan akitafuta riziki. Huko Mfaransa Jean Rouch akamweka mbele ya kamera katika *Moi, un noir* ya mwaka 1958, filamu iliyofuata maisha ya vibarua kutoka Niger. Ilisifiwa sana Ulaya. Ganda mwenyewe hakuridhika nayo. Alitaka habari za askari aliyerudi vitani zisimuliwe na aliyerudi, basi akajifunza kazi, akaandika, na akatoa *Cabascabo*. Aliyekuwa akitazamwa akawa mtazamaji.

Na wa tatu, Ousmane Sembène wa Senegal, kuli wa bandari ya Marseille aliyegeuka mwandishi wa riwaya, kisha akaenda kusomea filamu Moscow akiwa mtu mzima. *Borom Sarret* ya mwaka 1963, siku moja ya mwendesha mkokoteni mjini Dakar, ni hadithi ya kutungwa, lakini mtaa ule, vumbi lile na shida ile ni hali halisi tupu. Mwaka 1965 Sembène alikutana na Rouch, akamwambia ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Maneno makali, lakini kwa haki tuongeze kwamba Rouch huyo huyo ndiye aliyewafungulia njia waongozaji Ganda, Moustapha Alassane na baadaye Safi Faye. Familia ya filamu za Afrika haikukosa ugomvi wa mezani, na chakula kililiwa.

Februari 1969

Kwa hiyo filamu zilikuwapo. Zilichokosa ni watazamaji wa nyumbani. Kumbi za sinema katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilikuwa mikononi mwa makampuni mawili ya kigeni, COMACICO na SECMA, na hayo yaliona faida katika filamu za Ulaya, Marekani na India. Mwongozaji wa Kiafrika alishangiliwa Paris, naye mjomba wake kijijini hakuwa amewahi kuona hata picha moja ya kazi yake.

Waliolitatua jambo hili hawakuwa matajiri. Walikuwa wapenzi wa sinema wa Ouagadougou, mji mkuu wa Volta ya Juu (leo Burkina Faso), nchi iliyohesabiwa miongoni mwa maskini kuliko zote duniani. Walikutana kwenye kituo cha utamaduni cha Wafaransa na Wavolta kilichoongozwa na Claude Prieux. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa mwanamke kijana wa televisheni ya taifa, Alimata Salembéré. Jina hili vijana walishike. Miaka ile, kumwona mwanamke akiongoza kikao cha namna hiyo halikuwa jambo la kila siku, na mama huyu baadaye akaja kuwa waziri wa utamaduni wa nchi yake. Wenzake katika kamati walikuwa wengi, na nafasi hainiruhusu kuwataja wote. Wao wenyewe wanajuana, na mji unawajua.

Juma la Filamu za Afrika, ndivyo lilivyoitwa, lilianza tarehe 1 Februari hadi 15, mwaka 1969. Walisema juma, likawa majuma mawili! Nchi tano za Afrika zilileta filamu: Volta ya Juu yenyewe, Senegal, Niger, Kodivaa na Kameruni. Ufaransa na Uholanzi nazo zilikuwapo. Filamu zote pamoja zilikuwa 23. Watu walijaa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwenye skrini mtu anayevaa kama wao, anayesalimia kama wao na kudai deni kama wao, na wakawa wanajibizana na skrini kana kwamba mhusika yuko barazani. Mwaka uliofuata nchi za Afrika zikawa tisa na filamu 37.

Kati ya juma la kwanza na la pili kulitokea jambo lililozivutia serikali nyingine za Afrika. Serikali ya Jenerali Sangoulé Lamizana ilipokosa kuelewana na makampuni yale mawili juu ya fedha za tiketi, makampuni yakafunga kumbi. Yalidhani nchi maskini itanyenyekea. Januari 1970 serikali ikazitaifisha kumbi zote, ikaunda shirika la umma la kuziendesha, na sehemu ya kila tiketi ikatengwa kwa ajili ya kutengeneza filamu za nyumbani. Mwenye kununua tiketi ya filamu ya kigeni akawa anachangia, bila kujua, filamu ya jirani yake. Mpango huo ndio uliozaa *Le Sang des parias* ya Mamadou Djim Kola, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo.

Yennenga na farasi wake

Januari 1972 juma likapewa hadhi ya taasisi na jina la FESPACO. Mwaka huo huo mashindano yakaanza, na tuzo ikachukuliwa kutoka katika masimulizi ya Wamosi wa nchi hiyo: Binti mfalme Yennenga, mpiganaji hodari, ambaye farasi wake alimchukua mbio hadi msituni akakutana na mwindaji wa tembo, Rialé. Mtoto wao ndiye aliyeasisi ufalme wa Wamosi. Sanamu ya tuzo ni mwanamke mwenye mkuki juu ya farasi, na kila mwongozaji wa Afrika ana ndoto ya kuipeleka nyumbani.

Wa kwanza kuichukua alikuwa Oumarou Ganda, kwa *Le Wazzou polygame*. Ilistahili. Yule kibarua aliyepigwa filamu na mgeni ndiye aliyeanza kumpanda farasi wa Yennenga. Ganda alitutoka Januari 1981, mapema mno.

Baada ya tuzo ya 1973, iliyokwenda kwa Souheil Ben Barka wa Moroko, palipita kimya hadi 1976, maana Volta ya Juu na jirani yake Mali hawakuwa wakisemezana vizuri mpakani. Tulipokutana tena, tuzo ilikwenda kwa Jean-Pierre Dikongué-Pipa wa Kameruni kwa *Muna Moto*. Mwaka 1979 ilikwenda kwa Souleymane Cissé wa Mali, na ndugu wakakumbatiana. Tangu hapo tamasha likawa la kila baada ya miaka miwili.

Sembène hakukosa kuwa nguzo. Jina lake halimo katika orodha ya washindi wa farasi, naye hakuonekana kulihitaji. Alikuwa mzee wa wazee. Chumba chake katika Hôtel Indépendance kilikuwa namba moja, na watu walikiita kwa Sembène. Pembeni mwa bwawa la kuogelea la hoteli hiyo mikataba ilifungwa, filamu zikabuniwa, na vijana wasio na pesa ya soda wakaketi meza moja na watu waliowasoma vitabuni.

Miaka ya reli

Wakati wa Thomas Sankara, nchi ikiwa imeshaitwa Burkina Faso, tamasha lilipata joto la pekee. Mwaka 1985 wananchi walikuwa wakijenga reli ya kuelekea kaskazini kwa mikono yao. Wageni wa FESPACO wakatoka kwenye kumbi wakaenda kushika mataruma na vyuma pamoja nao. Wasanii waliokuwa wakigombea tuzo jana yake walibeba chuma kimoja bega kwa bega! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka hiyo ndiyo watu weusi wa Marekani, Uingereza na visiwa vya Karibi walipoanza kuja kwa wingi, na baadaye wakatengewa tuzo yenye jina la Paul Robeson. Katikati ya mji ukasimama mnara wa Uwanja wa Waongozaji, ambapo wakongwe humwagia mababu maji kabla ya filamu kuanza.

Oktoba 1987 nchi ilipata msiba: Sankara aliuawa. Mwaka 1989 baadhi ya marafiki hawakuja, na wengine hawakurudi kwa muda mrefu. Hayo yana mahali pake pa kuandikwa. Tamasha liliendelea, na mwaka huo huo ikaundwa hifadhi ya filamu za Afrika ya Ouagadougou, ambamo zimelala kazi ambazo bila hiyo zingeshaoza.

Tangu 1991, kwa ufupi

1991: Idrissa Ouédraogo, mwana wa nyumbani aliyeanza na filamu fupi kama *Issa le tisserand* juu ya mfumaji nguo, apata farasi kwa *Tilaï*.

1993: Roger Gnoan M'Bala, Kodivaa. 1995: Cheick Oumar Sissoko, Mali.

1997: Gaston Kaboré, Burkina Faso, kwa *Buud Yam*. Mwaka 2003 alifungua Imagine, taasisi ya mafunzo ya filamu mjini Ouagadougou.

1999: Mwezé Ngangura, Kongo, kwa *Pièces d'identités*.

2001: Nabil Ayouch, Moroko. 2003: Abderrahmane Sissako, Mauritania. 2005: Zola Maseko, Afrika Kusini. 2007: Newton Aduaka, Nigeria. Juni mwaka huo Sembène alifariki.

2009: Haile Gerima, Ethiopia, kwa *Teza*. Mwaka mgumu: palikuwa na msongamano siku ya ufunguzi, na Septemba mafuriko yakaukumba mji. Mwaka huo pia Jean-Marie Teno wa Kameruni alitoa *Lieux saints*, filamu ya hali halisi juu ya kibanda cha video katika mtaa wa St Léon, hatua chache kutoka kwenye shamrashamra zetu, ambako watu hawamudu tiketi ya tamasha. Ilituuma, na ilikuwa kweli.

2011: Mohamed Mouftakir, Moroko. 2013: Alain Gomis, Senegal. Majopo yote ya majaji yaliongozwa na wanawake.

2015: Hicham Ayouch, Moroko. Filamu za dijitali zakubaliwa katika shindano kuu. Hôtel Indépendance ilikuwa imeungua katika machafuko ya Oktoba 2014, lakini tamasha halikuahirishwa.

2017: Gomis tena, kwa *Félicité*, iliyopigwa Kinshasa.

2019: miaka 50, Rwanda mgeni wa heshima. Joël Karekezi wa Rwanda atwaa farasi kwa *The Mercy of the Jungle*. Samantha Mugatsia wa Kenya atangazwa mwigizaji bora wa kike kwa *Rafiki*, ambayo kwao ilikuwa imepigwa marufuku.

2021: tamasha lasogezwa hadi Oktoba kwa ajili ya korona. Khadar Ayderus Ahmed, Msomali, kwa *The Gravedigger's Wife*.

2023: Youssef Chebbi, Tunisia. Siku tatu kabla ya ufunguzi alifariki Safi Faye, ambaye mwaka 1975 alikipiga filamu kijiji cha kwao katika *Kaddu Beykat*.

2025: Dani Kouyaté, Burkina Faso. Siku tatu kabla ya ufunguzi alifariki Souleymane Cissé, aliyekuwa aongoze majaji.

Neno la shukrani

Filamu za hali halisi zilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila kwa miaka mingi zilikaa viti vya nyuma. Mwaka 2019 farasi wa dhahabu wa filamu ndefu za hali halisi alikwenda kwa Aïcha Boro wa Burkina Faso, kwa *Le Loup d'or de Balolé*. Filamu hiyo inawaonyesha wapasua mawe wa machimbo ya matale yaliyo ndani ya Ouagadougou yenyewe, wakijifunza kuungana dhidi ya madalali wanaowanyonya. Mji uliozialika filamu za bara zima kwa nusu karne ulijiona, na aliyeuonyesha alikuwa binti wa nchi hiyo. Mwaka 2023 farasi huyo alikwenda Cabo Verde kwa Carlos Yuri Ceuninck na *Omi Nobu*.

Farasi mkubwa wa filamu za hadithi, pamoja na kuwa amepandwa na mwanamke kwenye sanamu, hajakabidhiwa mwongozaji mwanamke tangu 1972. Mama Salembéré na wenzake hawakuanzisha tamasha ili iwe hivyo, na wanaoandaa la 2027 wanalijua hilo.

Tunawashukuru waasisi, walio hai na waliotangulia. Tunawashukuru mafundi wa projekta, wauza tiketi, madereva, wapishi na watu wa Ouagadougou waliojaza kumbi katika neema na katika shida, na sasa katika miaka hii migumu ya nchi yao. Na ninyi wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, Goma na Kampala, wenye filamu za wavuvi, wachimbaji na wauza mitumba zilizolala kwenye kompyuta: pelekeni. Ouagadougou ni mbali, lakini kwa filamu ya Mwafrika ni nyumbani.